Makunazi: kata matawi sasa, panda mvua ikianza

Machi imeingia, jua la Juba bado linachoma, na pale soko la Custom akina mama wanapima nabag, yaani makunazi, kwa kikopo, kando ya karanga na ukwaju. Mkulima wa Rajaf au Gumbo anayeleta mboga sokoni huyapita bila kuyatazama. Kwake hicho ni chakula cha watoto wachunga mbuzi, au cha mwaka wa njaa. Wakati huohuo malori yanaingia kupitia Nimule yakiwa na matunda ya Uganda, naye huyanunua kwa bei anayoilalamikia mwenyewe.

Tuanze na afya, maana hapo maneno ni mengi. Kunazi lililoiva, likiwa bado gumu kidogo na ngozi yake ikigeuka manjano, lina vitamini C ya kutosha: takriban miligramu 70 katika gramu 100, ilhali chungwa lina kama 50. Vitamini hiyo huusaidia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, kunde na mboga za majani. Kwa hiyo mtoto akila ugali na kunde, mpe makunazi papo hapo, si saa tatu baadaye. Likishakauka na kukunjamana, sehemu kubwa ya vitamini hiyo imepotea. Linabaki na sukari na nguvu, jambo ambalo nalo si dogo kiangazi mboga zinapoadimika. Ila halitibu malaria wala kisukari, na anayekuuzia unga wake kwa maneno hayo mwache aende zake. Mtoto mdogo mtolee kokwa kwanza, linaweza kumkaba.

Watu wa pwani huujua mkunazi zaidi kwa majani yake, ambayo Waislamu hutia kwenye maji ya kuoshea maiti, na pengine ndiyo sababu wengine hawapendi kuupanda uani. Wayemeni wao huiuza asali ya maua yake ghali kuliko asali nyingi. Mwenye mizinga azingatie.

Sasa kazi. Mkunazi huzaa kwenye machipukizi ya mwaka huohuo, kwa hiyo mti usiokatwa huwa kichaka cha miiba chenye matunda madogo juu usikofikia. Ukimaliza kuvuna, punguza matawi ya mwaka jana na uondoe yanayosongana. Miiba usiichome, izungushie bustani, mbuzi hawatathubutu.

Anayetaka miche achague makokwa ya mti unaozaa matamu, ayatumbukize kwenye maji ya chumvi na kutupa yanayoelea. Kokwa zima hukaa ardhini wiki nyingi kabla ya kuota. Livunje taratibu kwa nyundo, toa mbegu bila kuijeruhi, nayo itaota ndani ya wiki moja hivi. Tumia viriba virefu, kwa sababu mzizi mkuu hushuka haraka na ukijipinda mti hudumaa. Hamishia shambani mvua zikishakolea, mita 6 hadi 8 kati ya mti na mti, na uzungushie uzio: mche mchanga ni chakula cha mbuzi.

Mti wa mbegu hauahidi kufanana na mama yake. Wahindi walilimaliza hilo zamani kwa kubebesha, yaani kuunganisha kikonyo cha mti bora kwenye mche mwingine. Aina zao kama Gola, Seb na Umran huzaa matunda makubwa mara kadhaa kuliko ya porini. Taasisi ya utafiti wa kilimo ya ICRISAT ilizisambaza Niger, zikaitwa tufaha la Saheli. Mche wa kienyeji ndio unaobebeshwa, kwa hiyo kuotesha sasa si kazi bure hata kama vikonyo bado huna.

Adui mkubwa ni nzi wa matunda, ambaye funza wake hula nyama yote kuizunguka kokwa. Okota yaliyoanguka kila siku, uyafukie nusu mita chini. Kuyaacha chini ya mti ni kumfugia nzi wa msimu ujao. Ya kukausha yaanike juu ya kichanja, si kwenye vumbi la barabara, na usiyafunge guniani yangali na unyevu.

Mvua za Aprili haziko mbali. Mwenye mkunazi uani na aukate matawi wiki hii, machipukizi yapate kutoka mvua ikianza.