Miwani ya Kinga kwa Mlenga Shabaha na Askari Polisi

Katika Kiswahili jambo la upesi mno husemwa kuwa limetokea kufumba na kufumbua. Wataalamu wa elimu ya viumbe wameupima mwendo huo: tangu jicho lishtuke hadi kope zifunge hupita karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa vumbi la njiani au mdudu arukaye jioni, kinga hiyo ya maumbile yatosha. Lakini kipande cha risasi kinachorudi kutoka kwenye shabaha ya chuma kwa kasi ya mita 45 kwa sekunde husafiri mita nne na nusu katika muda huo huo. Aliye karibu zaidi ya hapo hupigwa kabla kope hazijafunga. Na hata zingefunga, ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ngozi nyingine zote za mwili, na nyuma yake konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, ina unene wa karibu nusu milimita tu.

Konea iliyochanika huacha kovu linaloziba mwanga. Retina iliyoharibika haioti tena. Zaidi ya hayo, jeraha lililopenya jicho moja huweza, ingawa ni mara chache, kulifanya jicho la pili ambalo halikuguswa livimbe na kupoteza nuru, kwa kuwa kinga ya mwili huanza kuzishambulia sehemu za jicho kana kwamba ni kitu kigeni. Kwa hiyo mlenga shabaha asiyevaa miwani hahatarishi jicho moja. Huhatarisha yote mawili.

Hatari hutoka wapi

Watu wengi hudhani kuwa hatari iko mbele ya mtutu. Kwa mpigaji mwenyewe, hatari kubwa iko upande wa nyuma, karibu na uso wake. Baruti inapowaka ndani ya risasi, gesi yenye joto na shinikizo kubwa hutokea. Iwapo ganda la risasi ni bovu na likapasuka, au fataki iliyo kitakoni mwake ikatobolewa na pini, gesi hiyo hutafuta njia ya kurudi nyuma ikiwa imebeba vipande vya shaba na punje za baruti zisizoungua. Bastola ya kujipakia yenyewe hutupa ganda tupu nje kila inapopiga. Ganda hilo ni la moto, na silaha nyingi hulitupa upande wa kulia, hivyo anayesimama kulia kwa mpigaji, na mpigaji atumiaye mkono wa kushoto, wamo hatarini zaidi. Ajali moja inayojulikana sana viwanjani ni ya ganda kudondokea kati ya paji la uso na miwani na kunasa hapo, likiunguza kope huku mtu akiwa na silaha yenye risasi mkononi. Kofia yenye ukingo wa mbele huizuia ajali hiyo kwa gharama ndogo kabisa.

Shabaha za chuma zina hatari yake. Risasi ya madini laini ikigonga bamba la chuma husambaratika, na vipande vyake huruka pembeni sambamba na uso wa bamba. Bamba likiwa na mashimo au limepinda, vipande hurudi kwa mpigaji. Ndiyo maana wasimamizi wengi hawaruhusu bastola kupigwa kwenye chuma kwa umbali ulio chini ya mita 9 au 10, na huwataka hata watazamaji wavae miwani.

Hesabu ya nishati

Nishati ya kitu kinachokwenda ni nusu ya tungamo yake mara mraba wa kasi yake. Kasi ikizidishwa mara mbili, nishati huzidi mara nne. Kwa hesabu hii fupi mtu anaweza kuyapima madai ya wauza miwani.

Tangu mwaka 1972 sheria ya Marekani inazitaka lenzi za miwani ya kawaida ya kusomea zistahimili gololi ya chuma ya gramu 16 iangukayo kutoka kimo cha sentimita 127. Nishati yake ni jouli 0.2 hivi. Miwani ya kinga yenye alama ya Z87+, ambayo ni ya kipimo cha Marekani kiitwacho ANSI Z87.1, hupigwa gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 6.35 kwa kasi ya karibu mita 46 kwa sekunde. Hiyo ni jouli 1.1. Huangushiwa pia chuma chenye ncha, cha gramu 500, kutoka kimo kile kile cha sentimita 127, nayo ni zaidi ya jouli 6. Jeshi la Marekani hudai zaidi: miwani ya askari wake hupigwa kipande cha chuma cha gramu 0.376 kwa kasi ya karibu mita 200 kwa sekunde, yaani jouli 7.5.

Sasa risasi ya bastola ya milimita 9, yenye gramu 8 na kasi ya mita 350 kwa sekunde, ina jouli 490. Hakuna miwani ivaliwayo puani iwezayo kuizuia. Neno "isiyopenya risasi" likiandikwa kwenye boksi la miwani ni uongo wa biashara. Kazi ya miwani ni kuzuia vipande, marisau yaliyopungua nguvu, maganda, baruti na vumbi, na kazi hiyo si ndogo.

Kioo, plastiki na polikaboneti

Kioo hakikwaruziki upesi na huonyesha vizuri, lakini ni kizito, na kikivunjika hugeuka kuwa silaha mbele ya jicho lenyewe. Plastiki ngumu iitwayo CR-39, iliyoanza kutumiwa kwa lenzi katika miaka ya 1940, ina karibu nusu ya uzito wa kioo na yafaa kwa kusomea. Ikipigwa kwa nguvu nayo huvunjika.

Polikaboneti ni jambo lingine. Iligunduliwa mwaka 1953 na wanakemia wawili waliofanya kazi mbalimbali bila kushauriana: Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer huko Ujerumani, na Daniel Fox wa General Electric huko Marekani. Minyororo mirefu ya molekuli zake huweza kuteleza kidogo na kunyumbuka inapopigwa, ikila nishati ya pigo badala ya kukatika. Gololi huacha kishimo, nayo lenzi hubaki nzima. Kofia za wanaanga wa Apollo waliotembea mwezini mwaka 1969 zilikuwa za polikaboneti, na ngao zenye kuona za polisi wa kutuliza ghasia ni za jamii hiyo hiyo. Polikaboneti pia hufyonza karibu miali yote ya urujuanimno ya jua hata ikiwa haina rangi.

Ina kasoro mbili. Hukwaruzika kwa urahisi, hivyo hupakwa utando mgumu. Tena hutawanya rangi za mwanga kuliko kioo, na mwenye kuhitaji lenzi kali ataona kingo zenye rangi anapotazama kwa pembeni. Mtu wa namna hiyo anaweza kuuliza lenzi za Trivex, ambazo ni nyepesi zaidi na hutawanya rangi kidogo, ingawa huwa nene kiasi.

Kusoma alama

Mnunuzi asitazame bei wala sura. Atazame maandishi madogo yaliyochapwa juu ya lenzi na juu ya fremu. Z87+ imekwisha elezwa. Katika kipimo cha Ulaya EN 166, ambacho sasa kinakipisha kipimo cha kimataifa ISO 16321 lakini alama zake zingali kwenye miwani mingi, herufi F huonyesha gololi ya milimita 6 kwa kasi ya mita 45 kwa sekunde, B mita 120, na A mita 190. Miwani ya kawaida yenye mikono haiwezi kupewa zaidi ya F. Herufi B ni ya miwani inayoziba pande zote, na A ni ya ngao za uso tu. Alama ya lenzi na ya fremu zikitofautiana, ihesabiwe ile ndogo, kwa sababu lenzi imara inayochomoka kwenye fremu dhaifu humpiga mvaaji. Ama alama ya UV400 iliyojaa kwenye miwani ya jua, hiyo huhusu miali ya jua tu. Haisemi neno lolote juu ya pigo.

Baada ya alama huja uso wenyewe. Miwani ivaliwe, kisha mtu atikise kichwa, ainame, atazame kiooni kutoka pembeni. Nafasi inayopitisha kidole juu ya nyusi au kando ya shavu yapitisha pia kipande cha risasi. Jambo moja husahauliwa hata na walimu wa shabaha: mikono minene ya miwani huinua vizibo vya masikioni na kuingiza mlio, nao mlio wa silaha huwa desibeli 140 na zaidi. Mikono iwe myembamba na bapa.

Rangi ya lenzi, na kazi ya polisi

Mlenga visahani vya udongo hupenda lenzi ya manjano au ya rangi ya chungwa. Lenzi hiyo hupunguza mwanga wa buluu, hivyo kisahani hujitokeza vema mbele ya anga. Kwa mchezo hakuna ubaya. Kwa polisi ni kosa. Lenzi ya manjano hubadili rangi za vitu, na askari anaweza kutakiwa mahakamani kueleza gari lilikuwa la rangi gani au mshukiwa alivaa shati gani. Usiku kila lenzi yenye rangi hupunguza mwanga, ile ya manjano ikiwemo, hata kama huuzwa kwa madai ya kumsaidia dereva wa usiku. Askari ahitaji lenzi nyeupe isiyo na rangi kwa kazi nyingi, na ya kijivu kwa jua kali, kwa kuwa kijivu hupunguza rangi zote kwa kadiri moja.

Katika ghasia, jiwe la gramu 300 lililotupwa kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde lina jouli 60. Hapo miwani peke yake haitoshi. Yahitajiwa ngao ya uso iliyofungwa kwenye kofia na kukaa mbali na pua, na miwani ibaki chini yake kwa ajili ya vipande vipenyavyo pembeni. Gesi ya machozi ni unga laini unaoelea, na miwani ya wazi haiuzuii. Ni ile ya kuziba pande zote isiyo na matundu, au barakoa ya gesi.

Na tukio la upande wa pili lisisahauliwe. Katika maandamano ya Chile yaliyoanza Oktoba 2019, taasisi ya taifa ya haki za binadamu ya nchi hiyo iliorodhesha zaidi ya watu 400 walioumizwa macho, wengi wao kwa marisau ya polisi. Askari aliyejifunza jinsi konea ilivyo nyembamba amejifunza pia mahali asipopaswa kuelekeza mtutu.

Utunzaji, na ajali ikitokea

Polikaboneti huoshwa kwa maji na sabuni laini, kisha hukaushwa kwa kitambaa safi cha pamba. Vumbi lisifutwe kavu. Petroli, asetoni, dawa za kusafishia mtutu na baadhi ya dawa za kufukuza mbu hula plastiki hii na kuifanya ipasuke kwa pigo dogo, kwa hiyo miwani isiwekwe mezani panaposafishwa silaha. Katika joto na unyevu wa pwani, utando wa kuzuia ukungu wafaa gharama yake, kwani mtu asiyeona huivua miwani. Lenzi iliyowahi kupigwa itupwe hata kama haina ufa unaoonekana.

Kitu kikipenya jichoni, kisichomolewe, na jicho lisisuguliwe wala kuoshwa. Lifunikwe kwa kitu kigumu kisicholigusa, mathalani kitako cha kikombe cha karatasi kilichokatwa, kikishikizwa kwa plasta kwenye mifupa inayolizunguka, na majeruhi apelekwe hospitali mara moja akiwa ameketi wima. Iwapo ni unga wa gesi au pilipili, kinyume chake ndicho sahihi: maji mengi safi, kwa dakika nyingi, macho yakiwa wazi.