USALAMA NYUMBANI: Funga mashini kabla ya kutoboa

Ndugu mfanyakazi, kazini kuna kapita wa kukuonya. Nyumbani, mbele ya mashini yako ya kutobolea, kapita ni wewe mwenyewe.

Mashini ya kusimama ni nzito upande wa juu, maana mota iko juu. Usipoikaza chini, siku meshi itakapokwama inaweza kukuangukia. Basi fanya hivi:

1. Isimamishe juu ya simenti iliyo sawa, uikaze kwa buloni katika matundu ya mguu wake.
2. Usikate waya wa ardhi. Swichi iwe karibu na mkono.
3. Chuma unachotoboa kifunge katika etau, na etau uikaze kwenye meza. Usikishike kwa mkono: meshi ikitokea upande wa chini hukikamata na kukizungusha kama panga.
4. Ondoa ufunguo wa meshi kabla ya kuwasha. Meshi nene, mwendo polepole.
5. Vaa miwani. Usivae mifuko ya mikono wala shati la mikono mirefu iliyolegea: meshi huvivuta pamoja na vidole.

Mama, watoto wasikaribie. Mtu akiumia, zima umeme, bana kidonda kwa kitambaa safi, inua mkono wake, mpeleke dispansere mara moja, apate na sindano ya pepopunda kama inahitajika. Chuma kikiingia jichoni, msilisugue wala msikitoe wenyewe.

Kukaza buloni ni kazi ya muda mfupi. Kidole kilichokatika hakioti tena.