Mti wa Noeli: Je, Ni Ibada ya Sanamu?

Somo kwa wakatekumeni, kwa majuma ya Majilio

Ndugu wapendwa, ninyi mnaojitayarisha kupokea Ubatizo katika vijiji vya kando ya Lubumbashi, sikilizeni vema somo hili. Siku za Noeli zinapokaribia, mtu akiingia mjini huona miti iliyopambwa kwa taa na karatasi za rangi: madukani, nyumbani mwa watu, na pengine hata kanisani, karibu na pango la Mtoto Yezu. Ndipo mkatekumeni hujiuliza moyoni: "Sisi tulifundishwa kuacha kupeleka unga na pombe chini ya mti wa mizimu. Mbona Wakristu wenyewe wanasimamisha mti na kuupamba?"

Swali hilo si la upuuzi. Mtu aliyekataa mbele ya ukoo wake kutoa sadaka chini ya mti amevumilia maneno mengi ya uchungu. Anastahili kupata jibu lililo wazi.

1. Kosa la kuabudu sanamu li wapi?

Amri ya kwanza yatuamuru kumwabudu Mungu peke yake. Lakini Mungu hakuichukia miti, ndiye aliyeiumba. Kosa haliko katika majani wala katika matawi. Limo moyoni mwa mtu anayekipa kiumbe heshima iliyo ya Mungu, akikiomba uzima, watoto, mvua au kinga.

Kwa Walunda, mti uitwao muyombo hupandwa kwa ajili ya wafu wa ukoo, na watu huenda hapo kuwasihi na kuwatolea vitu. Sasa pimeni wenyewe. Ni nani apigaye magoti mbele ya mti wa Noeli? Ni nani auambiaye, "Uniponye"? Sikukuu ikipita, mti huondolewa na kutupwa, wala hakuna anayeogopa kulaaniwa nao. Ni pambo tu, kama maua tunayoweka altareni.

Watu wengine hutuonyesha sura ya 10 ya nabii Yeremia. Humo nabii anawacheka watu wanaokata mti msituni, wakaupamba kwa fedha na dhahabu, na kuupigilia misumari usianguke. Someni mpaka mwisho: anasema juu ya sanamu iliyochongwa na fundi, isiyoweza kunena wala kutembea, nao watu waiogopa kama mungu. Naye nabii Isaya, katika sura ya 60, atangaza kwamba miti mizuri ya Lebanoni italetwa ili kupamba mahali patakatifu pa Mungu.

2. Desturi hii ilitoka wapi?

Haikutoka kwa Mitume, wala haimo katika Injili. Ilianza katika nchi za Wajerumani. Huko mwezi wa Desemba ni baridi kali, na miti mingi hupukutisha majani. Lakini upo mti mmoja unaobaki na ubichi wake. Watu wakauchukua kuwa alama ya uzima usiokufa. Tena, tarehe 24 Desemba ilikuwa siku ya kuwakumbuka Adamu na Eva, na watu walionyesha habari za paradisi kwa mti uliotundikwa matofaa. Mwaka 1605 mwandishi mmoja alieleza jinsi watu wa Strasbourg walivyosimamisha miti nyumbani na kuitundika matofaa na maua ya karatasi. Huku Katanga desturi hiyo ililetwa na Wazungu. Nako Roma, mti wa Noeli ulisimamishwa mara ya kwanza katika uwanja wa Mtakatifu Petro mwaka 1982, wakati wa Papa Yohane Paulo II.

Basi mti huo unaweza kutufundisha neno: Adamu alianguka kwa sababu ya mti, na Yezu alitukomboa juu ya mti wa Msalaba.

3. Je, Noeli yenyewe ni ya kipagani?

Wako majirani, kama Mashahidi wa Yehova, wasioadhimisha Noeli, kwa kuwa Injili haitaji tarehe. Ni kweli, haitaji. Kalenda moja ya Roma ya mwaka 354 yatuonyesha kwamba Wakristu wa huko walikuwa wakiiadhimisha tarehe 25 Desemba. Lakini sisi hatuabudu tarehe. Twamwabudu Mwana wa Mungu aliyezaliwa kweli. Msigombane na majirani hao. Wajibuni kwa upole.

Na desturi ya zamani yaweza kutakaswa. Mwaka 601 Papa Gregori Mkuu aliwaagiza wamisionari wa Uingereza wasibomoe mahekalu ya wapagani, bali waondoe sanamu, wanyunyize maji ya baraka na kuweka altare. Katika nchi yetu pia, Misa iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988 kwa majimbo ya Zaire, ambayo sasa ni Kongo, inawataja wazee wetu wenye moyo mnyofu pamoja na watakatifu. Sadaka ni ya Mungu peke yake, lakini wazee wetu hawakusahauliwa. Mkatekumeni aliyeuacha mti wa mizimu hakuwatupa wazee wake. Sasa anawakumbuka mbele ya Mungu mwenyewe.

4. Je, tunalazimika kuwa na mti?

Hapana. Asiye na mti hakupungukiwa kitu. Mwaka 1974 serikali ya Rais Mobutu iliondoa tarehe 25 Desemba katika siku za mapumziko. Je, Noeli ilikoma? Haikukoma. Kanisa liliendelea kuadhimisha Kuzaliwa kwa Bwana. Leo mapumziko yamerudi, lakini sikukuu haikuwa imeondoka.

Huku kwetu Desemba ni wakati wa mvua: kila mti ni wa kijani, na maembe yameiva. Ukitaka kupamba nyumba, kata tawi moja la porini, usiangushe mti mzima. Na hasa tengeneza pango dogo kwa udongo na majani, kwa kuwa Mtakatifu Fransisko wa Asizi alifanya hivyo huko Greccio mwaka 1223, ili watu waone umaskini wa Yezu.

5. Hatari iliyo kweli

Imani yetu haigombani na tawi la kijani. Yagombana na ulevi wa usiku wa Noeli. Na baba anayekopa fedha za nguo mpya, kisha watoto wakalala njaa mwezi wa Januari. Na mtu anayepamba nyumba huku mjane wa jirani hana unga. Mambo hayo ndiyo upagani uliovaa nguo ya sikukuu.

Maswali ya kukumbuka

Sw. Ni nini kuabudu sanamu?
Jb. Ni kukipa kiumbe heshima na tumaini tunalopaswa kumpa Mungu peke yake.

Sw. Je, mti wa Noeli ni dhambi?
Jb. Si dhambi, wala si amri. Ni pambo na alama tu.

Sw. Mkristu hufanya nini siku ya Noeli?
Jb. Hushiriki Misa, humwabudu Yezu, hupatana na adui yake, na humkaribisha maskini mezani.

Zoezi: Kabla ya Noeli, kila mmoja achague nyumba moja yenye shida kijijini, apeleke huko unga, kuni au maji, bila kujisifu.