Timu ya Besiboli Isiyo na Pesa: Fanya Hivi, Usithubutu Vile

Msimu wa 2002 Oakland Athletics waliwalipa wachezaji wao takriban dola milioni 40. New York Yankees walilipa kama milioni 125. Hesabu ilipofungwa, kila timu ilikuwa imeshinda mechi 103. Tangu hapo kila mwenye timu ndogo Marekani hujigamba kwamba anafuata njia ya Billy Beane, meneja mkuu wa Oakland wakati ule, na wengi wao wanachofuata ni ubahili mtupu. Maagizo haya ni ya mtu aliyekabidhiwa timu ya ligi kuu ya besiboli huku mfuko ukiwa mwepesi, na ambaye anataka kushinda kweli. Asiyetaka kushinda aishie hapa.

Usinunue jina. Mchezaji huwa huru kujiuza akishatimiza miaka sita ya utumishi katika ligi kuu, na wengi hufika hapo wakikaribia umri wa miaka 30. Unayemlipa wakati huo unamlipa kwa aliyowafanyia wengine. Jason Giambi alipoondoka Oakland baada ya msimu wa 2001, Yankees walimpa dola milioni 120 kwa miaka saba. Bei hiyo iache ipite. Wala usimtafute Giambi wa bei chee, hayupo. Tafuta ile kazi aliyokuwa akiifanya, halafu igawe kwa watu wawili watatu.

Nunua beisi. Mpigaji hufika beisi ya kwanza kwa kuupiga mpira, au kwa kuvumilia mpaka mrushaji arushe mipira minne nje ya eneo halali. Hapo anapewa beisi bure. Miaka ile soko liliwalipa wapigaji, wavumilivu likawadharau. Scott Hatteberg alikuwa mdakaji wa Boston. Kiwiko kikamharibikia mishipa ya fahamu, hakuweza tena kurusha mpira kama kazi ya mdakaji inavyotaka, na kwa timu nyingi akawa mtu aliyekwisha. Oakland walimchukua kwa pesa ndogo, wakampeleka kulinda beisi ya kwanza, ambako kazi kubwa ni kupokea, na kocha Ron Washington akakaa naye kumfundisha kazi hiyo ngeni. Msimu ule, katika kila nafasi 1,000 za kupiga, Hatteberg alifika beisi mara 374. Septemba 4, Oakland waliongoza 11-0 dhidi ya Kansas City, wakazembea mpaka ikawa 11-11. Hatteberg akainuliwa benchi awamu ya tisa, akautuma mpira nje ya uzio. Ulikuwa ushindi wa 20 mfululizo.

Usijifunze kazi hii kwenye sinema. Filamu ya 2011, Brad Pitt akiwa Beane, inampa Hatteberg heshima yake, sawa. Lakini ushindi 103 haukuletwa na vilema walioachwa na wengine peke yao. Oakland walikuwa na Tim Hudson, Mark Mulder na Barry Zito, warushaji watatu ambao timu yoyote ingewatamani. Zito alitwaa tuzo ya mrushaji bora wa ligi yake mwaka huo huo. Walikuwa na Miguel Tejada, mchezaji bora wa ligi yake msimu huo. Wote hao walikuwa rahisi kwa sababu moja tu: walikuwa bado ndani ya miaka sita.

Hesabu hiyo miaka sita kila asubuhi. Mitatu ya kwanza kijana hulipwa karibu na kima cha chini, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Inayofuata, mkishindwa kuelewana, mshahara wake huamuliwa na msuluhishi. Baada ya hapo anaondoka. Ushindi wako wote umo ndani ya dirisha hilo, kwa hiyo ukimpata kijana unayemwamini, lipanue mapema. Aprili 2008 Tampa Bay Rays walimpa Evan Longoria miaka sita kwa dola milioni 17.5, wakati hajamaliza wiki moja katika ligi kuu, na timu ikabaki na haki ya kumwongezea muda hadi 2016. Angeweza kuharibika na pesa ikapotea. Ndiyo, hilo nalo ni sehemu ya kazi.

Usimfiche kijana aliyeiva. Mwaka 2015 Chicago Cubs, ambao hata si maskini, walimchelewesha Kris Bryant kwenye ligi ndogo mwanzoni mwa msimu. Akamaliza na siku 171 za utumishi, wakati mwaka kamili ni siku 172. Wakapata mwaka mmoja zaidi wa kummiliki, na malalamiko rasmi juu yake. Tangu 2022 kanuni zinaweza kukupa nafasi ya ziada ya kuchagua chipukizi ukimwanzisha kijana bora siku ya kwanza na akafanya vizuri kwenye tuzo. Mwanzishe.

Uza mapema, mashabiki walie. Julai 31, 2018, Rays walimtoa Chris Archer, mrushaji kipenzi cha mashabiki, kwenda Pittsburgh. Wakapokea Tyler Glasnow, Austin Meadows na chipukizi Shane Baz. Mwaka uliofuata Meadows alikuwa kwenye mechi ya nyota wa ligi. Archer hakurudi tena kuwa yule Archer. Glasnow naye, alipoanza kuwa ghali, akauzwa Dodgers Desemba 2023. Ila usisahau aliyekuwa upande wa pili wa biashara ile ya kwanza: Pittsburgh ni maskini kama Rays. Maskini alimuuzia maskini mwenzake jina, na mwenzake akalichukua huku anashangilia.

Usiuze yote. Florida Marlins walitwaa ubingwa 1997, wakabomoa kikosi, na 1998 wakapoteza mechi 108. Kisa cha Montreal Expos ni kibaya zaidi. Mwaka 1994 walikuwa na rekodi bora kuliko timu zote, ushindi 74 na vipigo 40, mgomo ulipoifunga ligi mwezi Agosti. Aprili 1995, ndani ya siku chache, waliondoka Larry Walker, Marquis Grissom, Ken Hill na John Wetteland. Miaka kumi baadaye Montreal haikuwa na timu. Ilikuwa imehamishiwa Washington.

Using'ang'anie ujanja ulioshajulikana. Boston walimwajiri Bill James, baba wa takwimu za besiboli, mwishoni mwa 2002. Mwaka 2004 walikuwa mabingwa. Tajiri akishaujua ujanja wako ana pesa ya kuununua, nawe huna. Rays walilielewa hilo. Mwaka 2007 walishika mkia na kuruhusu pointi 944. Wakamtoa Delmon Young, kijana aliyesifiwa kwa upigaji, wakaleta mrushaji Matt Garza na mlinzi Jason Bartlett. Mwaka 2008 waliruhusu pointi 671, wakashinda mechi 97 na kufika fainali. Ulinzi ndio uliokuwa rahisi wakati huo. Baadaye wakapindua hata mpangilio wa warushaji: Mei 2018 Sergio Romo, aliyezoea kufunga mechi, alianzishwa arushe awamu ya kwanza tu kisha apishe wengine. Wapinzani wakacheka, halafu wakaiga.

Na kama unadhani siri yako itakuwa Afrika, umechelewa. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mzaliwa wa kwanza wa bara hili kucheza ligi kuu, aliingia uwanjani na Pittsburgh Aprili 2017. Watoto wa Uganda walicheza fainali za dunia za watoto kule Williamsport mwaka 2012, na mwaka 2022 Dodgers, matajiri wenyewe, walikwishasajili vijana wawili wa Kiganda. Bado nenda, lakini nenda na kocha na viwanja, si na kamera.

Usipoteze mechi kwa makusudi, na usiibe. Houston walipoteza mechi 106, 107 na 111 katika misimu mitatu kuanzia 2011, wakikusanya chipukizi, kisha wakawa mabingwa 2017. Baadaye ikabainika walikuwa wakiiba ishara za wadakaji kwa kamera na kugonga pipa la taka kumpa mpigaji taarifa. Faini ikawa dola milioni 5, na wakanyang'anywa nafasi za kuchagua chipukizi. Nafasi hizo kwako ndiyo pumzi.

Wewe mwenye timu, usijifiche nyuma ya umaskini. Timu za ligi hii huchangia karibu nusu ya mapato yao ya ndani kwenye mfuko wa pamoja, na timu ndogo hupata zaidi ya ilichotoa. Pesa hiyo ni ya kuimarisha kikosi. Mwaka 2018 chama cha wachezaji kilizilalamikia timu nne kwa kutoitumia inavyopaswa, Oakland na Rays zikiwamo. Kabla ya Desemba 2024, mkataba mkubwa kuliko yote katika historia ya Athletics ulikuwa wa Eric Chavez, dola milioni 66, uliosainiwa mwaka 2004. Miaka ishirini! Usimwambie shabiki ni hesabu za kisayansi.

Andaa mrithi wa kila mtu. Watakuchukulia hata wanaofikiri. Andrew Friedman aliijenga Rays, Dodgers wakamchukua 2014. Cubs walimlipa Craig Counsell dola milioni 40 kwa miaka mitano aiache Milwaukee. Milwaukee wakampandisha msaidizi wake, Pat Murphy, wakashinda mechi 93 mwaka 2024 na 97 mwaka 2025.

Oktoba usihame kwenye mpango, ila uangalie una nani. Fainali ya 2020, mechi ya sita: Blake Snell wa Rays alikuwa ameruhusu mipigo miwili tu, amewatoa Dodgers tisa walioshindwa kuupiga mpira, na Rays wanaongoza 1-0. Awamu ya sita, akiwa amerusha mara 73, kocha Kevin Cash akamtoa. Watu wanamtukana mpaka leo. Mimi simlaumu kwa kumtoa. Takwimu zinaonyesha wapigaji humzoea mrushaji wanapokutana naye mara ya tatu, na timu ile ilifika pale kwa kuziamini. Kosa lilikuwa aliyeingia. Nick Anderson alikuwa ameruhusu pointi katika mechi sita mfululizo za mtoano, mkono umechoka. Mookie Betts akampiga, na kabla awamu haijaisha Dodgers walikuwa mbele 2-1. Kwa hiyo kuanzia Agosti hesabu kila mpira anaorusha mrushaji wako wa akiba, na aliyechoka mpumzishe, hata kama itakugharimu mechi mbili za Septemba.