Herufi Nzito, Pana na za Mlazo: Zinafaa Wapi?

Muhula uliopita mwalimu mlezi wa chama alinipa kazi ya kuandika bango la mdahalo wetu. Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha ufundi. Bango zima, toka kichwa hadi jina la chumba, nililiandika kwa herufi nzito, pana, zilizolala kulia kama zile za ubavuni mwa matatu. Nilipofika kwenye saa, manila imejaa! Nikaibana "saa 8 mchana" pale konani. Jumamosi ilipofika, wageni walikaa saa nzima wakitazama viti vitupu. Wenzangu walikuja saa tisa. "Saa uliiandika wapi?" wakaniuliza. Niliona aibu sana.

Mwalimu hakunigombeza. Alinituma maktaba nikajifunze habari za herufi, nije niwafunze na ninyi.

Kumbe mlazo ni wa kale. Kitabu kizima cha kwanza kwa herufi za mlazo kilichapishwa Venice, Italia, mwaka 1501 na Aldo Manuzio. Aliyezichonga ni Francesco Griffo. Zilikuwa nyembamba, zenye sura ya mwandiko wa mkono. Herufi za chapa zisizo na vijimkia kwenye ncha zilikuja baadaye: William Caslon IV alizionyesha London mwaka 1816, tena herufi kubwa tupu.

Mwaka 1957 Mswisi Adrian Frutiger alitoa chapa ya Univers, yenye sura 21, kupitia kiwanda cha Deberny & Peignot cha Paris. Kila sura aliipa namba. Tarakimu ya kwanza ni uzito, ya pili ni upana na mlazo. 55 ni ya kawaida, 65 ni nzito, 66 ni nzito ya mlazo, na 63 ni nzito na pana. Basi uzito, upana na mlazo ni mambo matatu mbalimbali, na kila moja lina kazi yake.

Uzito huita jicho kutoka mbali, lakini huziba matundu ya "a" na "e". Upana huyafungua tena, ila hula nafasi. Mlazo huonyesha mwendo. Lakini usiilaze herufi hivi hivi tu. Ukiisukuma O ya MDAHALO upande, duara hupindika, unene wake usilingane. Mchoraji hodari huirekebisha kwa mkono.

Kwa hivyo, wenzangu, herufi hizi ni za kuita, si za kueleza. Zipe neno moja au mawili, tena kwa ukubwa. Siku, saa na mahali viandike kwa herufi wima za kawaida. Pima nafasi kwa penseli kabla ya kushika rangi. Mstari mzima ukipiga kelele, hakuna neno linalosikika.

Bango la pili nililaza neno MDAHALO peke yake. Yaliyobaki niliyaandika wima, membamba. Saa nane kasoro dakika tano, hapakuwa na kiti kitupu!

Wahenga hawakukosea: wembamba wa reli, gari moshi hupita.