Mkoko, Mlinzi wa Pwani

Watu wengi wa bara wakisikia jina la Pemba huwaza karafuu tu. Lakini kisiwa hicho cha vilima kina pia mabonde ya mpunga yaliyo karibu sana na bahari, na huko ndiko maafa yanakoingia polepole. Katika Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, maji ya chumvi yamevamia mashamba ya mpunga. Shamba likishapata chumvi haliponi upesi. Mkulima hana budi kungoja mvua nyingi ziioshe ardhi; na kabla haijatakata, bamvua jingine laweza kurudi.

Sababu ni mbili, na yafaa tuzipambanue.

Ya kwanza yatoka mbali. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza mwaka 2021 kwamba, tangu 1901 hata 2018, bahari za dunia zilipanda kwa sentimita 20 hivi, kwa kuwa maji yakipata joto hutanuka, na barafu ya nchi kavu huyeyuka. Sentimita 20 ni kama shibiri moja. Mtu wa milimani atacheka. Lakini katika ghuba yenye ufuko tambarare, shibiri moja ya maji hutambaa hatua nyingi kuingia nchini, hasa wakati wa bamvua. Moshi wa viwanda vya mataifa tajiri ndio uliozidisha joto hilo. Mkulima wa Pemba hakuwa na kiwanda.

Ya pili i mikononi mwetu. Mwenyezi Mungu aliizungushia pwani ukuta ulio hai. Mlilana hukaa mbele kuipokea bahari. Mkoko na mkandaa huifuata nyuma. Mizizi yake hushika tope, na mawimbi yakipita humo hupungua nguvu. Mikoko ikikatwa kwa boriti, kuni na makaa, na mchanga ukichimbwa ufukoni, ukuta huo umebomolewa. Akataye ovyo hajiibii yeye tu: avunja boma la shamba la jirani yake.

Hata hivyo, tusiwe wepesi wa kuhukumu. Mama asiye na kuni nyingine atapikia nini? Kumkataza bila kumsaidia si haki. Kwa hiyo kazi ya kuhifadhi yataka mambo mawili pamoja: miti ya kuni ipandwe nchi kavu, na mikoko irudishwe pwani, kila aina mahali pake. Kazi yenyewe si ya gharama kubwa. Mbegu ya mkoko humea ingali juu ya mti, ndefu kama kijiti. Huokotwa na kuchomekwa topeni. Inayotakiwa ni saburi ya miaka.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini hakitengani. Wapemba walio wengi ni Waislamu. Je, jambo hilo lapunguza wajibu wetu? Hata kidogo. Bahari haiulizi dini ya mwenye shamba, wala Msamaria mwema hakuiuliza ya yule majeruhi.

Wazazi, wafundisheni watoto somo hili popote mkaapo, iwe kando ya bahari, ziwa au mto. Dunia tulipewa tuilime na kuitunza. Ukingo wa maji ni amana. Asiyeulinda leo awaachia wanawe chumvi kuwa urithi.