Shaka kuhusu Hali Inayoendelea: Tafsiri ya Habari baina ya Kiingereza na Kiswahili katika Ukanda wa Ziwa Victoria

Utangulizi

Habari inayotoka katika fuo za Ziwa Victoria upande wa Kenya mara nyingi hupitia lugha tatu kabla ya kumfikia msikilizaji. Mvuvi wa Dunga au Usenge huisimulia kwa Dholuo, mwandishi huiandika kwa Kiingereza, na mtangazaji huisoma kwa Kiswahili. Katika safari hiyo, mambo yanayoonekana kama vile mtumbwi, dhoruba na idadi ya watu hufika salama. Kinachopotea kwa urahisi ni kiwango cha uhakika wa msemaji wa kwanza.

Wavuvi wa omena huondoka jioni na taa zao na hutarajiwa kurejea alfajiri. Wasiporejea, jamaa zao husikiliza redio wakipima kila kitenzi. Kwao, tofauti baina ya “hawajapatikana” na “hawakupatikana” ni tofauti baina ya kungoja na kuanza matanga. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba shaka kuhusu jambo linaloendelea hubebwa na neno la shaka pamoja na umbo la kitenzi kinachoandamana nalo, na kwamba mfasiri anayeshughulikia neno hilo peke yake huwa amefasiri nusu ya ujumbe. Mifano yote imetungwa kwa ajili ya mjadala huu.

Uwezekano na ruhusa

F. R. Palmer, katika kitabu chake Mood and Modality cha mwaka 1986, anatofautisha maelezo yanayohusu ujuzi wa msemaji juu ya jambo na yale yanayohusu ruhusa au wajibu. Kitenzi cha Kiingereza “may” hubeba maana zote mbili. Kiswahili huzitenga: “wanaruhusiwa kurudi” ni ruhusa, ilhali “huenda wakarudi” ni shaka. Hata hivyo, wanafunzi wengi hukimbilia kitenzi “-weza” kila wanapokutana na “may”. Sentensi “wavuvi wanaweza kurudi” ina utata. Msikilizaji atajiuliza iwapo wamepewa idhini, iwapo wana nguvu za kupiga makasia hadi pwani, au iwapo msemaji anabahatisha tu. Kwa habari ya watu waliopotea, utata wa namna hii haufai.

“Huenda” na sura za kitenzi

Neno “huenda” limetokana na kitenzi “enda” na kiambishi “hu-” cha mazoea, na halibadiliki kufuatana na nafsi. Kwa kuwa lenyewe halionyeshi wakati, kazi hiyo huachiwa kitenzi kinachofuata:

(1) Huenda mtumbwi unafika Mbita.
(2) Huenda mtumbwi umefika Mbita.
(3) Huenda mtumbwi ulifika Mbita.
(4) Huenda mtumbwi ukafika Mbita.

Sentensi ya (1) inahusu tendo linaloendelea wakati wa kusema. Ya (2) inahusu tendo lililotimia na ambalo matokeo yake yangalipo, yaani mtumbwi ungali Mbita. Ya (3) inahusu tendo lililopita, na haisemi mtumbwi uko wapi sasa. Ya (4), kwa kiambishi “-ka-”, inatazama mbele.

Hapa ndipo Kiingereza kinapomtega mfasiri. Sentensi za (2) na (3) zote huweza kuandikwa kwa umbo moja, “may have reached”. Anayetafsiri kuingia Kiswahili hana budi kuchagua, na uchaguzi wake una uzito, kwani “huenda umefika” humtuma mwokoaji Mbita, ilhali “huenda ulifika” humwacha na swali la mahali ulikoelekea baadaye. Iwapo matini asilia haitoi jibu, mfasiri mwangalifu humwuliza mwandishi, au hutafuta muundo usiolazimisha uamuzi, kwa mfano “haijulikani iwapo mtumbwi huo ungali Mbita”.

Suala hilohilo hujitokeza katika habari za mazingira. Mwezi wa Mei 2020, maji ya Ziwa Victoria yalipanda kupita kiwango cha mwaka 1964, ambacho kwa miongo mingi kilikuwa cha juu kabisa katika kumbukumbu. Katika hali kama hiyo, “huenda maji yakapanda” huzungumzia tukio la baadaye, lakini “huenda maji yangali yakipanda” huzungumzia hatari iliyokwisha kuanza. Mwenye nyumba kando ya ziwa atahama leo au atangoja wiki ijayo kwa kutegemea ameisikia ipi.

Ipo pia dhana inayojengwa juu ya ishara. “Watakuwa wamefika Mbita” ina umbo la wakati ujao, ila maana yake ni kisio la sasa: msemaji ameupima upepo na saa walizosafiri, kisha akahitimisha. Kiingereza nacho hutumia “will” kwa namna hiyo. Umbo hili ni thabiti kuliko “huenda”, na halipaswi kutumiwa pasipo ushahidi.

Kiambishi “-ja-” na jambo lililo wazi

Kikanushi cha “-me-” katika Kiswahili ni “-ja-”. Kiambishi hiki hueleza kwamba jambo halijatukia na, aghalabu, kwamba lingali linatarajiwa. “Hawajapatikana” huacha mlango wazi. “Hawakupatikana” huufunga, kwa kuwa msako umepita. Dholuo nayo ina neno “pok” kwa jambo ambalo halijawa, hivyo mwanafunzi aliyelelewa Kisumu huielewa tofauti hii kabla ya kufika darasani. Kiingereza huidhihirisha kwa “have not been found” dhidi ya “were not found”, lakini vichwa vya habari vilivyofupishwa mara nyingi huondoa kitenzi kisaidizi na kumwachia mfasiri kazi ya kukisia.

Historia ya ziwa hili inaonyesha pia kwamba “-ja-” ina mwisho wake. Meli ya Mv Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. Katika siku za mwanzo “hawajapatikana” ilikuwa sahihi. Leo ingekuwa ukatili kuitumia kwa waliozama, na anayeandika habari zao huandika “hawakupatikana”. Kuhusu idadi, makadirio yangali yanatofautiana kwa mamia. Hapo mwandishi anaweza kusema “idadi kamili haijajulikana” au “haitajulikana”, kutegemea kama anaamini kwamba upo uchunguzi unaoweza kuibainisha.

Uhai na masharti

Jozi nyingine inayohitaji uangalifu ni “may have survived” na “might have survived”. Ya kwanza husema hatujui kama walinusurika. Ya pili huweza kueleza shaka hiyohiyo, lakini hasa ikiandamana na sharti hueleweka kuwa hawakunusurika. Anayeandika Kiingereza kuhusu msako ambao haujaisha anashauriwa atumie ya kwanza.

Kiswahili huzitenga waziwazi: “huenda wamenusurika” dhidi ya “wangalinusurika kama wangalivaa jaketi za kuokoa maisha”. Lakini kina mtego wake. “Wangali hai” hutangaza uhai unaoendelea. “Wangalikuwa hai” huomboleza uhai uliokwisha. Silabi mbili tu ndizo zinazotenganisha kauli hizo. Mtangazaji anayesoma kwa haraka, au mhariri anayefupisha sentensi, anaweza kumfufua au kumzika mtu kwa bahati mbaya.

Shaka na chanzo cha habari

“Inasemekana” na “yadaiwa” hutumiwa mara kwa mara kana kwamba ni visawe vya “huenda”. Maneno hayo hueleza kwamba habari imetoka kwa mwingine, bila kupima ukweli wake. Yakitumiwa pasipo kumtaja msemaji, msikilizaji hana njia ya kupima uzito wa habari. Ni afadhali kuandika “kwa mujibu wa wavuvi waliorejea alfajiri, huenda mtumbwi umepinduka”, ambapo chanzo na shaka vimewekwa kila kimoja mahali pake. “Eti”, kwa upande wake, huchanganya shaka na dhihaka, na haifai katika habari za msiba.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mfasiri anapokutana na shaka katika habari inapaswa ajiulize maswali matatu: jambo linaendelea, limetimia au lilipita? Mlango uko wazi au umefungwa? Ni nani anayesema, na kwa ushahidi upi? Maswali haya yanafaa kufundishwa pamoja na sarufi ya viambishi vya wakati, ambayo mara nyingi husomeshwa kama orodha ya kukariri. Mwanafunzi wa Kiswahili atakayeyazoea ataandika Kiingereza kilicho makini zaidi pia, na jamaa wanaongoja ufuoni watasikia kile hasa kinachojulikana, pasipo kuongezwa wala kupunguzwa.